Kutofautiana Mawazo si Ugomvi

Somo hili linahusu jambo linalotokea katika kila kijiji. Linatokea mkutanoni, kisimani, dukani na hata nyumbani. Jambo lenyewe ni watu kutofautiana mawazo juu ya siasa. Siasa ni mambo ya uongozi, kura, kodi, ardhi, shule na maji. Mambo hayo yanatuhusu sote. Kwa hiyo hatuwezi kuyaacha bila kuyazungumza. Lakini tukiyazungumza vibaya, tunaumizana.

1. Usiku wa mvua

Katika kijiji kimoja nilichofundisha darasa la kisomo, walikuwapo majirani wawili. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa minyaa tu. Walisoma darasa moja na kukaa benchi moja. Siku moja mmoja alisahau penseli. Mwenzake aliikata ya kwake vipande viwili, akampa kimoja.

Ukaja wakati wa kumchagua mwenyekiti wa kijiji. Kila mmoja wao alikuwa na chama chake na mgombea wake. Mwanzoni walibishana kwa maneno ya kawaida. Baadaye mmoja alimwita mwenzake kibaraka. Mwenzake akamjibu kwamba yeye amenunuliwa kwa kofia. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Darasani mmoja alihamia benchi la nyuma. Wake zao walikatazwa kuombana chumvi.

Uchaguzi ukaisha. Mshindi akapatikana. Lakini majirani wale waliendelea kununiana.

Miezi miwili baadaye, usiku wa mvua, mke wa mmoja wao alishikwa na uchungu wa uzazi. Zahanati ilikuwa mbali. Jirani alikuwa na pikipiki. Kutoka mlango hadi mlango zilikuwa hatua ishirini. Lakini yule mume hakugonga. Aliona aibu. Alikwenda kwa miguu hadi kitongoji cha pili kutafuta usafiri. Muda ukapita. Mtoto alizaliwa njiani, juu ya kanga iliyolowa.

Bahati njema, mama na mtoto walipona. Asubuhi jirani alikuja akasimama nje. Aliuliza swali moja tu: "Kwa nini hukunigongea?"

Mwenzake hakuwa na jibu.

Nami pia nilikuwa na kosa. Mimi nilikuwa mwalimu wao. Niliona nafasi kwenye benchi ikiwa wazi, nikanyamaza. Niliogopa watu wasije wakasema kwamba nina upande. Ndiyo sababu leo naandika somo hili.

2. Kwa nini watu hutofautiana?

Watu wengi hufikiri kwamba anayetofautiana nao ni mjinga, au amehongwa, au ana roho mbaya. Mara nyingi si kweli. Watu hutofautiana kwa sababu kila mmoja anaona jambo kutoka pale aliposimama.

Tuchukue mfano. Kijiji kimepata fedha kidogo. Fedha zinatosha kuchimba kisima au kumaliza jengo la zahanati, lakini si vyote viwili. Mama anayebeba ndoo kutoka bondeni kila alfajiri atasema, "Tuchimbe kisima." Mzee aliyefiwa na mjukuu kwa homa ya malaria atasema, "Tumalize zahanati." Je, nani hapo ni adui wa kijiji? Hakuna. Wote wawili wanakitakia kijiji mema. Kila mmoja ana hoja.

Hoja ni nini? Hoja ni wazo la mtu pamoja na sababu zake. "Tuchimbe kisima kwa sababu watoto wanachelewa shule wakienda kuteka maji" ni hoja. "Wewe mzee umechakaa, nyamaza" si hoja. Hilo ni tusi. Hoja inaweza kujibiwa kwa hoja nyingine. Tusi halina jibu ila tusi jingine, na mwisho wake ni ngumi.

3. Mkutano wa Tabora, mwaka 1958

Nchi yetu ina mifano mikubwa ya watu waliotofautiana sana juu ya siasa. Mfano mmoja ni mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora mwezi wa Januari mwaka 1958.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa bado inatawaliwa na Waingereza. TANU ilikuwa chama kilichopigania uhuru. Rais wake alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Serikali ya Waingereza ilitangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Lakini uchaguzi huo ulikuwa na masharti magumu.

Sharti la kwanza lilihusu mpiga kura mwenyewe. Ilimpasa awe na elimu ya kiwango kilichowekwa, au kipato cha kiwango kilichowekwa, au cheo fulani. Wakulima wengi hawakuwa na sifa hizo. Mtu asiyejua kusoma, na asiye na fedha wala cheo, hakuwa na kura.

Sharti la pili liliitwa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Hivyo Waafrika, ambao walikuwa wengi mno kuliko wengine wote, walipewa viti sawa na watu wachache.

Wanachama wengi wa TANU walikasirika. Walisema, "Huu ni uchaguzi wa dharau. Tukiingia, tutakuwa tumeukubali ubaguzi. Tuususe." Hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Masharti yale yalikuwa ya kudhalilisha kweli.

Wengine, na Mwalimu Nyerere akiwa mmoja wao, walisema, "Ni kweli masharti ni mabaya. Lakini tukisusa, wapinzani wa uhuru watavichukua viti vyote. Tuingie, tushinde, kisha tuyaondoe masharti haya tukiwa ndani." Hoja hiyo nayo ilikuwa na nguvu.

Angalia jambo moja, ndugu msomaji. Pande zote mbili zilitaka uhuru. Walitofautiana juu ya njia ya kufika. Waliokataa kura tatu hawakuwa vibaraka. Waliokubali kura tatu hawakuwa waoga.

Walijadiliana kwa siku kadhaa. Mwishowe mkutano uliamua kuingia katika uchaguzi. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru.

Je, wote walikubali uamuzi wa Tabora? La. Ndugu Zuberi Mtemvu hakuridhika. Alitoka TANU akaanzisha chama chake, African National Congress. Mwaka 1962 aligombea urais wa Tanganyika kushindana na Mwalimu Nyerere. Mwalimu alipata zaidi ya kura milioni moja. Mtemvu alipata kura 21,000 hivi. Alishindwa kwa kura. Hakushindwa kwa rungu wala kwa panga. Na wale watu 21,000 waliompigia kura walikuwa wananchi kama wengine.

4. Wengi na wachache, mwaka 1991

Mfano wa pili ni wa miaka ya karibu zaidi. Mwaka 1965 sheria iliweka mfumo wa chama kimoja. Bara kilikuwa TANU, na Zanzibar kilikuwa ASP. Mwaka 1977 vyama hivyo viliungana kuwa CCM. Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa kiongozi wa nchi mfumo huo ulipowekwa.

Lakini mwaka 1990 Mwalimu huyo huyo alisema hadharani kwamba kuujadili mfumo wa vyama vingi si dhambi. Watu wengi walishangaa. Yeye alikuwa ameutetea mfumo wa chama kimoja kwa miaka mingi. Hata hivyo hakuona aibu kuutazama upya. Kubadili wazo kwa sababu nzuri si kigeugeu. Kigeugeu ni mtu anayebadilika kila anapoona sahani ya pilau.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Mkuu Francis Nyalali. Tume ilikwenda Bara na Zanzibar kuwauliza wananchi: tuendelee na chama kimoja, au tuwe na vyama vingi? Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni yao.

Matokeo yalikuwaje? Karibu watu 80 katika kila 100 walitaka chama kimoja kiendelee. Watu kama 20 tu katika kila 100 walitaka vyama vingi. Lakini wengi wa wale waliotaka chama kimoja walisema pia kwamba mambo fulani yabadilishwe. Tume haikuhesabu vichwa tu. Ilipima na sababu za watu. Mwisho ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Wako watu walioufurahia uamuzi huo. Wako pia waliosema kwamba wengi walipuuzwa. Mpaka leo unaweza kuwasikia watu wakibishana juu yake. Lakini somo lake ni hili: mtu mmoja kati ya watano alisema neno ambalo wenzake wanne hawakulitaka, na neno lake likaandikwa, likasomwa na likapimwa. Hakufukuzwa mkutanoni. Wahenga walisema wengi wape. Ni kweli, wengi wape, lakini wachache wasikilizwe. Kesho huenda wewe ndiye utakuwa miongoni mwa wachache.

5. Fikiri kwa kichwa chako

Kichwa hakiazimwi kama jembe. Mtu akikuambia, "Sisi wote wa ukoo huu tunamchagua fulani," usikubali papo hapo wala usikatae papo hapo. Jiulize kwanza. Maswali haya manne yatakusaidia.

Swali la kwanza: Anasema nini hasa? Mgombea akisema, "Nitaleta maendeleo," bado hajasema kitu. Muulize: Maendeleo gani? Kwa fedha zipi? Lini?

Swali la pili: Amejuaje? Mtu akisema, "Mwenyekiti amekula fedha za mchango," muulize kama ameona daftari la mapato na matumizi. Kama hajaliona, asitangaze wizi. Aombe daftari lisomwe mkutanoni. Wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu. Unaweza kulifuata daftari hilo mstari kwa mstari.

Swali la tatu: Nani atafaidika, na nani ataumia? Mtu anayetaka ekari nyingi za kijiji huenda akaleta kazi. Huenda pia akafunga njia ya mifugo na ya kwenda mtoni. Uliza yote mawili kabla ya kunyoosha mkono.

Swali la nne ndilo gumu zaidi: Je, maneno haya yangesemwa na mtu wa upande mwingine, ningeyakubali? Kama ungeyakataa, basi hupimi neno. Unapima kofia ya msemaji. Na kama mtu wa upande wako akifanya kosa ambalo ungelilaumu kwa wengine, lilaumu vilevile.

Kumbuka pia kwamba kura yako ni siri. Kofia, kanga na kilo ya sukari haviwezi kuingia nawe katika chumba cha kupigia kura. Sukari huisha kwa wiki moja. Uongozi ni wa miaka mitano.

6. Sema kwa adabu

Mtu anaweza kuwa na hoja nzuri akaiharibu kwa mdomo wake. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona haraka. Hebu tuone namna ya kusema mkutanoni.

Kwanza, omba nafasi na ungoje zamu yako. Sema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba kusema." Ukimkatiza mwenzako, watu hawatamsikia yeye wala wewe.

Pili, anza kwa kurudia hoja ya mwenzako jinsi ulivyoielewa. Kwa mfano: "Nimemsikia mama akisema tuchimbe kisima kwa sababu watoto wanachelewa shule." Akisema, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema," sasa unaweza kumjibu. Mara nyingi tunabishana na maneno ambayo mwenzetu hakuyasema.

Tatu, taja jambo mnalokubaliana. "Nakubali kwamba maji ni shida." Kisha taja mnalotofautiana. "Lakini naona zahanati itangulie, kwa sababu jengo limebaki kuezekwa tu, na mvua ikinyesha kuta zitabomoka."

Nne, usiguse ukoo wa mtu, dini yake, kabila lake, umaskini wake wala mwili wake. Hayo hayachimbi kisima.

Tano, ukiona hasira inapanda, nyamaza kidogo. Omba kuendelea baadaye. Kuondoka kwa heshima si kushindwa.

7. Adabu si woga

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Wako watu wanaotumia neno adabu kuwafunga wengine midomo. Kijana akiuliza juu ya fedha, anaambiwa, "Huna adabu kwa wazee." Mwanamke akisema juu ya shamba, anaambiwa, "Kaa chini, mwache mumeo aseme." Hiyo si adabu. Hiyo ni dhuluma iliyovishwa kanzu.

Kwa sheria ya Tanzania Bara, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Wanaume na wanawake wote wamo. Wenye kusoma na wasiosoma wamo. Halmashauri ya kijiji huchaguliwa na mkutano huo, na hutakiwa kuueleza mapato na matumizi. Kwa hiyo kuuliza si ukorofi. Kuuliza ni haki yako, na ni wajibu wako.

Mwanakijiji anaweza kusimama na kusema hivi: "Shikamoo wazee. Ndugu Mwenyekiti, nakuheshimu. Naomba tusomewe mapato na matumizi ya miezi mitatu iliyopita." Hakuna tusi hapo. Hakuna woga pia. Mwenyekiti mwema atashukuru. Mwenyekiti asiyetaka kuulizwa atakasirika, lakini kijiji kizima kitakuwa kimeona nani ana adabu na nani hana.

8. Baada ya kura

Kura zikishahesabiwa, kazi ya wote ni kuishi pamoja. Aliyeshinda asiwacheke walioshindwa. Barabara atakayoilima itapitwa na wote. Aliyeshindwa asisuse mchango wa shule, kwa maana mtoto wake anasoma humo. Kama kuna kasoro katika kuhesabu kura, alalamike kwa njia ya sheria, na apewe nafasi ya kusikilizwa. Kama hakuna, angoje uchaguzi mwingine, na huku aendelee kusema hoja zake. Kushindwa kura si kukatazwa kusema.

Turudi kwa wale majirani wawili. Asubuhi ile walikaa kimya muda mrefu. Kisha aliyezaliwa mtoto akasema, "Niliogopa hutafungua." Jirani akamjibu, "Mimi sikukipenda chama chako. Lakini mlango wangu hauna chama."

Hawakubadili vyama vyao. Nijuavyo mimi, bado wanabishana mpaka leo, na wakati mwingine sauti zao husikika barabarani. Lakini darasani walirudi kukaa benchi moja. Na katika ua ule wa minyaa walikata nafasi ya kupita mtu, ili asiyejisikia vizuri usiku asizunguke kwa mbali.

Ndugu msomaji, nenda katalazame ua wako. Je, una nafasi ya kupita?

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Hoja ni nini? Toa mfano mmoja wa hoja na mfano mmoja wa tusi.
2. Mwaka 1958 kule Tabora, waliotaka kususa uchaguzi walikuwa na sababu gani? Waliotaka kuingia walikuwa na sababu gani? Kama ungekuwapo, ungekuwa upande gani, na kwa nini?
3. Mwaka 1991 watu wengi walitaka chama kimoja, lakini tume ilipendekeza vyama vingi. Je, unaona tume ilifanya sawa? Watu wawili wenye mawazo tofauti waseme, na kila mmoja aanze kwa kurudia hoja ya mwenzake.
4. Eleza tofauti kati ya adabu na woga.
5. Je, yuko mtu kijijini ambaye huzungumzi naye kwa sababu ya siasa? Usimtaje jina. Andika mistari mitatu ambayo ungependa kumwambia.